Mzee ana Parkinson: likizo ya mwezi wa sita tumpeleke Lushoto tena au abaki Dar? Na kwanini kule alitembea vizuri?

#1 Binti wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi na nyumbani tumegawanyika.

Baba yangu ana miaka 71, mstaafu wa reli, aligundulika na Parkinson mwaka 2019. Ilianza mkono wa kulia kutetemeka akiwa ametulia zake anaangalia taarifa ya habari, sasa hivi imeshuka mpaka miguuni. Anatembea hatua fupi fupi kama anaburuza ndala, akifika mlangoni anaganda, yani miguu inagoma kabisa kama imepigiliwa misumari kwenye tailizi. Sauti imekua ndogo, sahihi yake hata benki wameikataa. Anatumia vidonge vya levodopa na carbidopa mara nne kwa siku.

Sasa mwaka jana shule zilipofunga mwezi wa sita tulienda wote Lushoto kwa shangazi, siku kumi na mbili. Mzee kule alikua mtu mwingine. Zile ngazi za mawe za kwa shangazi alikua anapanda mwenyewe bila kushikwa, ugali anamega mwenyewe, siku ya tano kaenda sokoni na wajukuu karudi na kabichi kwapani anacheka. Tumerudi Dar haijapita wiki kaganda tena kwenye korido ya chumbani kwake.

Mwaka huu kaka mkubwa anasema mzee abaki na dada wa kazi, hali imeshuka, safari itamuumiza. Bi mkubwa anataka Zanzibar, anasema ni karibu, saa mbili tu kwenye boti. Mimi nang'ang'ania Lushoto. Naombeni mawazo: tumpeleke au tumwache? Na kule kilichomfanya awe vile ni kitu gani hasa?

#2 Ngosha wa Buza
Pole sana sista. Naweka kambi hapa, ngoja waje wanaojua.

#3 Fundi Saidi
Hiyo ni hali ya hewa tu sista wala usitafute mbali. Dar joto linakausha mwili, mzee hanywi maji ya kutosha sababu kwenda chooni ni kazi, asipokunywa choo kinakua kigumu, na dawa yenyewe ikikuta tumbo limefunga haifanyi kazi vizuri. Lushoto kipupwe, mtu analala usingizi wa kweli. Baba mdogo wangu ana ugonjwa huohuo, mwezi wa pili hapa Dar huwa anateseka, mwezi wa saba anapumua.

#4 Mama Nasra
Fundi Saidi hapo sikubaliani na wewe. Mama yangu huu mwaka wa nane na Parkinson. Tulimpeleka Njombe mwezi wa saba, ile baridi ilimkakamaza mpaka kugeuka kitandani hawezi, tulikua tunamgeuza mimi na mdogo wangu kama mtoto. Baridi inakaza misuli ya mtu mzima mwenye afya, sembuse yeye. Mimi huwa namwambia kila mtu mwenye mgonjwa wa hivi abaki ukanda wa joto.

#5 Kijana wa Soni
Njombe na Lushoto ni vitu viwili tofauti mama, kule kwao ni jokofu, kwetu ni kiyoyozi. Huyo mzee kapona kwa hewa ya Usambara na maharage ya shangazi, mleteni tena tutamwozesha kabisa 😂

#6 Nesi Mstaafu
Binti wa Tabata, kabla ya hewa niambie mambo mawili. Lushoto dawa alikua anampa nani, na Dar anampa nani? Na anakula nini akimeza?

Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Ugonjwa huu unakwenda na saa. Seli zinazotengeneza dopamini, ile kemikali ya kuongoza mwendo, kwenye ubongo zinakufa kidogo kidogo, dawa inaziba lile pengo kwa saa chache tu, ikiisha mwili unarudi kukaza. Mgonjwa akicheleweshewa dakika arobaini utamuona anavyozima.

#7 Binti wa Tabata
Nesi asante. Lushoto nilikua nampa mimi, nina alamu kwenye simu, siku zile sikua na kazi nyingine. Dar natoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi mwendokasi, anampa dada. Saa kumi na mbili asubuhi ile dozi ya kwanza anaimeza pamoja na chai, na bi mkubwa lazima ampe maziwa na mayai mawili apate nguvu.

#8 Mfamasia Mbagala
Hapo penye maziwa na mayai tulia kidogo dada.

Levodopa inapita kwenye utumbo na kuingia kwenye ubongo kwa njia ileile wanayopita protini. Ukimpa kidonge na maziwa, mayai, nyama au maharage mengi kwa pamoja wanagombania mlango, dawa inachelewa au inaingia kidogo. Kidonge kinatakiwa kimezwe kwa maji, nusu saa hivi kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Protini msimnyime, atakonda, ila wengi wanashauriwa kuisogeza mlo wa jioni. Muone daktari wake kabla ya kubadilisha chochote. Lushoto asubuhi alikua anakula nini?

#9 Binti wa Tabata
Weee. Chai ya rangi na viazi vya kuchemsha. Nyama usiku tu, shangazi hana mambo ya mayai asubuhi.

Nimekaa nimetulia hapa nimeishiwa maneno. Mwaka mzima tunampa mayai kwa mapenzi.

#10 Ngosha wa Buza
Usijilaumu sista, hata mimi ningempa mayai. Kesi imeisha hiyo basi, mayai ndo mchawi.

#11 Nesi Mstaafu
Haijaisha Ngosha. Mayai yanaeleza asubuhi tu, hayaelezi kwanini alipanda ngazi na kwenye sakafu ya Dar anaganda.

#12 Mzee wa Tandika
Wanangu salaam. Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe, wa kwangu unaingia mwaka wa sita sasa, hivyo nasema ninachokijua mwilini.

Ngazi kwetu ni rahisi kuliko sakafu. Watu hawaamini, lakini ngazi inakuonyesha pa kuweka mguu. Jicho linaona ukingo, mguu unafuata. Sakafu ya tailizi inayong'aa haikuambii kitu, unasimama pale kichwa kinasema nenda na miguu haisikii. Mlango ndio mbaya zaidi sababu unabana. Kijana wangu alinunua selotepu nyekundu dukani akabandika mistari kwenye korido, kila mstari hatua moja, kuanzia mlango wa chumbani mpaka choo. Nakanyaga mistari. Siku ya kwanza nilifika chooni mwenyewe nikakaa nikalia.

Kwa hiyo mwanangu, ngazi za mawe za kwa shangazi yako zilimsaidia. Jaribu mistari kabla ya likizo.

#13 Mama Nasra
Shikamoo mzee Tandika. Hilo la mistari nalifanya kesho asubuhi.

Halafu nina jambo la kuongeza, bora niseme ukweli. Nimesoma hapo #6 kwa Nesi kuhusu saa nikaikumbuka vizuri ile safari ya Njombe. Karatasi ya daktari iliandikwa 6, 10, 2, 6. Kwa saa za kizungu hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni. Mimi nilirudi Dar kazini siku ya pili nikamwachia mama mkubwa karatasi. Yeye akasoma kama ilivyo: saa sita mchana, saa kumi jioni, saa mbili usiku, saa sita usiku. Siku tisa. Mama anaamka alfajiri na anakaa mpaka adhuhuri hana dawa mwilini, sisi tunasema baridi baridi.

#14 Fundi Saidi
Sasa Mama Nasra si umejijibu mwenyewe, Njombe haikua baridi ilikua karatasi!

#15 Mama Nasra
Vyote viwili Saidi. Nilipokuja kuwachukua tukarekebisha saa, bado asubuhi alikua mkavu mpaka jua litoke. Baridi siitoi.

#16 Nesi Mstaafu
Mama Nasra asante sana kwa kulisema hilo, hili kosa nimeliona mara nyingi kuliko makosa mengine yote. Mkisafiri na mgonjwa, andikeni saa kwa maneno, ASUBUHI SAA KUMI NA MBILI, kwa kalamu nene, mbandike ukutani kwa mwenyeji. Dawa zikae kwenye pochi ya mkononi, zisiende kwenye buti la gari, na mbebe za siku nyingi kuliko za safari. Levodopa haiachwi ghafla, mwili unaweza kukakamaa na homa ikapanda, hiyo ni dharura ya hospitali.

#17 Jirani wa Kigamboni
Mbona mnamsumbua mzee wa watu, miaka 71 kutetemeka ni kawaida. Huo ni uzee tu, babu zetu wote walitetemeka na hawakuitwa wagonjwa.

#18 Nesi Mstaafu
Hawakuitwa kwa sababu hakuna aliyewapima. Kuna utafiti ulifanyika wilaya ya Hai kule Kilimanjaro ukachapishwa 2008, walizunguka vijijini kutafuta wenye Parkinson, na wengi waliowakuta walikua hawajawahi kuambiwa na daktari yeyote wana nini. Wamekaa nyumbani wanaitwa wazee. Na huu ugonjwa umeelezwa kitabibu tangu 1817 na daktari James Parkinson wa London.

#19 Jirani wa Kigamboni
Sawa nesi nimekuelewa. Mimi nilijua ni wa mabondia, kama Muhammad Ali alivyowasha mwenge Barcelona 92 huku anatetemeka.

#20 Mzee wa Tandika
Ilikuwa Atlanta, 1996. Nilikuwa naangalia kwa jirani. Na aliambiwa ana Parkinson mwaka 1984. Kama ni ngumi au si ngumi wanabishana mpaka leo. Mimi sijawahi kupigana hata shuleni.

#21 Ngosha wa Buza
Turudi kwenye Zanzibar ya bi mkubwa. Mi naona boti poa, saa mbili tu, hamna kona za Mombo kwenda Lushoto zile za kutapisha. Akisikia kichefuchefu mnamnunulia Plasil duka la dawa mnaendelea.

#22 Mfamasia Mbagala
NGOSHA HAPANA. Samahani kwa herufi kubwa ila hii watu waisome vizuri.

Plasil ni metoklopramaidi. Inazuia dopamini, na dopamini ndiyo hiyohiyo mzee wake anayoikosa. Mtu mwenye Parkinson akipewa anakakamaa zaidi, anatetemeka zaidi. Zile za safari zenye sinarizini nazo pia sio za kumpa. Kuna dawa nyingine ya kichefuchefu, domperidoni, haiingii sana kwenye ubongo, lakini ina mambo yake kwenye moyo, kwahiyo daktari wake ndiye aamue kabla ya safari, sio mkiwa bandarini.

#23 Sista Gongo la Mboto
Mfamasia Mungu akubariki. Shangazi yangu tulikua naye likizo mkoa mmoja, akatapika usiku, tukampeleka zahanati ya jirani wakamchoma sindano ya kuzuia kutapika, hakuna aliyeuliza ana ugonjwa gani na sisi hatukusema, tulidhani wanaona wenyewe anavyotetemeka. Asubuhi shingo imepinda, mdomo haufunguki. Siku nne ndo akarudi hali yake. Tangu hapo anatembea na kikaratasi kwenye sidiria kimeandikwa nina Parkinson, nisichomwe dawa hizi, na majina yake.

#24 Kijana wa Soni
Pia mwezi wa sita ni kusi, bahari inachafuka. Boti ile inaruka kama gari kwenye matuta. Kama ni Unguja nendeni mwezi wa pili kaskazi imetulia. Sisemi kwa sababu ya kuipigia debe Lushoto 😂

#25 Tabibu Asili Kisarawe
Ndugu zangu mnahangaika na vidonge wakati dawa ipo porini. Mbegu za upupu zinatibu kutetemeka, wazee wanajua. Mzee asagiwe akae nao Lushoto mwezi mzima.

#26 Ngosha wa Buza
Upupu?? Ule tuliokua tunamwagiana shuleni?

#27 Mfamasia Mbagala
Hapo tabibu hajakosea yote jamani. Mbegu za upupu kweli zina levodopa, ileile, na zimefanyiwa utafiti. Tatizo ni kwamba mbegu ya shamba hili na ya shamba lile hazilingani, hujui umempa kiasi gani. Mzee tayari anameza levodopa mara nne, ukimuongezea na upupu unamzidishia dozi kwa kukisia: atatapika, presha itashuka, ataanza kuchezacheza mwili au kuona vitu visivyokuwepo. Tabibu usimsagie mtu aliye kwenye dawa bila daktari wake kujua, nakuomba kwa heshima.

#28 Tabibu Asili Kisarawe
Sawa mfamasia, tunaelewana. Nilikua namaanisha asiye kwenye vidonge.

#29 Msomi wa Changanyikeni
Mimi naongeza lingine. Mnatafuta mayai na ngazi na hewa, huenda mzee alifurahi tu. Kuna watafiti wa Canada mwaka 2001 waliwapa wagonjwa wa Parkinson dawa bandia, wakapima ubongo, wakakuta ubongo wenyewe umetoa dopamini kwa sababu mgonjwa alitarajia nafuu. Wajukuu, dada yake, sokoni, hakuna anayemwangalia saa. Dar anakaa na nani kutwa nzima?

#30 Binti wa Tabata
Na tivii. Dada anafua, wajukuu shule, mama dukani.

Hilo la furaha linanigusa maana kuna kitu sikukiandika. Siku ya tatu Lushoto kaganda kwenye geti la shangazi, watu wanapita, tumesimama kama dakika mbili. Mwanangu wa darasa la tatu akaanza kuimba mchakamchaka, ule wa kukimbia asubuhi shuleni. Mzee alipita JKT miaka hiyo. Mguu ukanyanyuka! Akaingia ndani anapiga hatua kama yuko gwarideni. Kuanzia siku hiyo wakitoka wanaimba.

#31 Mzee wa Tandika
Hiyo ni kweli kabisa. Mimi nahesabu moja mbili, moja mbili, kimoyomoyo. Mdundo unavuta mguu.

#32 Msomi wa Changanyikeni
Kwahiyo ni furaha au ni mdundo?

#33 Fundi Saidi
Ni hewa 😂

#34 Mama Kevin
Naona wote mnamshambulia kaka mtu kimyakimya. Mimi nasimama upande wake. Tulimpeleka baba Arusha likizo nzima, wote tukapiga picha, tukapanda tukashuka. Mama yangu ndiye aliyekua anaamka naye usiku mara tano, kumgeuza, kumpeleka msalani, kumbadilishia shuka, na mchana anachekea wageni. Tuliporudi mama alilazwa yeye. Presha. Ile ilikua likizo ya nani?

Binti wa Tabata, kabla ya Lushoto au Zanzibar pangeni zamu za usiku kwa majina. Kama hamna watu wa zamu, kaka yako abaki na mzee Dar na bi mkubwa aende akalale siku kumi. Hilo nalo ni kumpenda mzee.

#35 Nesi Mstaafu
Mama Kevin hapo umesema, na sina la kupunguza.

#36 Sista Gongo la Mboto
Mimi naona akibaki Dar peke yake na dada ataona ametupwa. Shangazi yangu tulimwacha Krismasi moja, hakusema kitu, ila hakula.

#37 Mzee wa Tandika
Binti, nimesoma uzi mzima tangu mwanzo. Kaka yako kasema, mama yako kasema, wewe umesema, na sisi tumesema. Baba yako kasemaje?

#38 Ngosha wa Buza
Mh.

#39 Binti wa Tabata
Mzee Tandika shikamoo. Sikujibu jana kwa sababu sikua na jibu. Hatukua tumemuuliza. Sauti yake ni ndogo na anachukua muda kuanza sentensi, na sisi tunamalizia sentensi zake, tumezoea hivyo.

Leo nimekaa naye uani. Nimemuuliza nikanyamaza, sikumsaidia neno hata moja. Ilichukua muda. Akasema Lushoto ni kwa dada yake na anapapenda lakini njia ni ndefu na haja ndogo inambana, kila kilomita chache kuomba gari lisimame ili achimbe dawa mbele za wakwe anaona aibu. Zanzibar hataki, hajui kuogelea. Halafu akasema anataka kupanda SGR. Miaka 29 kafanya kazi reli ya kati, treni mpya inapita yeye anaiona kwenye tivii tu.

Na akasema hataki kulishwa mbele za watu. Kikombe chake kile kizito chenye mfuniko kiende.

#40 Kijana wa Soni
Lushoto tumeshindwa na treni, nakubali. Mpeni heshima zake mzee.

#41 Jirani wa Kigamboni
SGR si imeanza mwezi wa nane 2024 tu hapo, mzee kasubiri sana.

#42 Fundi Saidi
Mwezi wa nane tarehe 1 ni siku Rais Samia alipoizindua rasmi. Abiria wa Moro walianza kupanda tarehe 14 mwezi wa sita 2024, na Dodoma tarehe 25 mwezi wa saba. Nilipanda wiki ya kwanza. Dar mpaka Moro haifiki saa mbili, choo kimo humohumo ndani. Kilomita 160 kwa saa na chai haimwagiki.

#43 Mama Kevin
Moro ni karibu, likimshinda mnarudi siku hiyohiyo. Hapo hata kaka hana cha kupinga. Ila zamu za usiku pangeni.

#44 Nesi Mstaafu
Fikeni stesheni mapema sana, kuna ukaguzi na foleni, na mgonjwa huyu akiharakishwa ndipo anapoganda. Mtumie lifti, ngazi za umeme asizikanyage. Akikaa muda mrefu asinyanyuke ghafla, presha inashuka, akae ukingoni mwa kiti kwanza apumue. Siti ya njiani, karibu na choo.

#45 Binti wa Tabata
Asanteni wote. Tiketi nimekata za Jumamosi, watu saba, kaka naye anakuja, kachukua zamu ya Jumamosi usiku. Moro siku nne kwa binamu. Mayai tumehamishia jioni tangu wiki iliyopita kwa idhini ya daktari, na selotepu ipo kwenye korido. Asubuhi ana nafuu. Jioni bado anaganda.

#46 Msomi wa Changanyikeni
Kwahiyo mayai, au selotepu, au amefurahia safari?

#47 Binti wa Tabata
Msomi sijui kwa kweli.

#48 Ngosha wa Buza
Sista leo Jumamosi, vipi huko?

#49 Binti wa Tabata
Tumefika Moro. Kaka alimpisha dirishani, akasema siti ya njiani atakaa yeye. Mzee njia nzima anawatajia wajukuu stesheni kabla hazijafika, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, anaonyesha reli ya zamani ilipopita, anasema Wajerumani waliianza 1905 wakafika Moro 1907, na sauti yake ilikua inasikika mpaka siti ya nyuma yetu, kuna kaka mmoja alitoa spika za masikioni akawa anasikiliza. Mkono ulitetemeka wote, hakuuficha mfukoni.

Kushuka, mlangoni mwa behewa kaganda. Watu nyuma wanasukuma. Nikaogopa. Kaka yangu, huyuhuyu wa mzee abaki, ndiye aliyeanza mchakamchaka, kwa sauti, na suti yake. Kashuka.

Sasa tuko kwa binamu, wameshamuandalia kuku wa kienyeji.

#50 Mfamasia Mbagala
Alhamdulillah. Hapa kwangu ni saa saba na dakika hamsini na tano. Mpe dawa ya saa nane kwanza, na maji. Kuku saa nane na nusu.